Goti la Nani?

Ngano, ngano!

— Ije tuione.

Mmeitika kivivu, kama watu wanaosubiri muhuri. Ngano, ngano!

— Ije tuione!

Ije na nini?

— Ije na uongo wake, ukweli tutauchuja wenyewe!

Haya, hapo sawa. Kaeni vizuri basi.

Palikuwa na mji wa wanyama kando ya mto, na mji huo ulikuwa na mitaa mitatu. Mtaa wa Juu, kule mto unakotokea, alikaa Twiga na ukoo wake. Mtaa wa Kati alikaa Ngiri na ukoo wake. Mtaa wa Chini, kule maji yanakofika yakishawapitia wenzao wote, alikaa Mama Sange na ukoo wake. Sange mnamjua? Mnyama mdogo, panya si panya, pua ndefu inayochezacheza, miguu myembamba kama njiti za kiberiti. Akishtuka hupiga ardhi kwa mguu: tu-tu-tu-tu!

Mvua zikinyesha milimani, maji humfikia Twiga kwanza. Twiga huutazama mto, kisha humtuma Hondohondo, ndege tarishi, ashuke na habari mtaa kwa mtaa. Utaratibu mzuri, siyo? Shida ilikuwa kwenye kipimo. Kila mtaa ulipima mto kwa goti lake.

Twiga akisema, "Maji yako gotini," ni goti la Twiga. Ngiri akiipokea habari, anatazama goti lake. Sange akiipokea, anatazama goti lake, ambalo hata siafu mwenye haraka analiruka.

Aliyeyajua magoti yote alikuwa mmoja tu, Kiboko. Alishautembea mto mzima. Goti la Twiga ni magoti mangapi ya Ngiri, goti la Ngiri ni magoti mangapi ya Sange, yote yalikuwa kichwani mwake, na hakumwambia mtu. Ukitaka akutafsirie, unampelekea mzigo wa majani mabichi. Mzigo wa kujaza kinywa cha Kiboko, siyo kinywa chako wewe! Mimi nimekaa masjala ya halmashauri miaka ishirini na miwili, Viboko nawajua. Faili liko mezani, maana yake iko kichwani mwa mtu mmoja, na mtu mwenyewe ameenda kunywa chai.

Masika moja Hondohondo akashuka, vuuu!

"Mama Sange, maji yako gotini!"

"Goti la nani?"

"Mimi ni tarishi tu, mama. Nimeambiwa gotini."

Mama Sange akaanza kukata majani ya Kiboko. Akakata, akakata, akakata. Mdomo wenyewe ndio huo mdogo. Alikuwa hajafika nusu ya mzigo, maji yakaja. Yakaingia shimoni. Alikuwa na watoto wawili, na yule mkubwa ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia. Aliwatoa kwa meno, mmoja, kisha mwingine. Wote wawili hawakuwa na pumzi.

Hapa huwa sichekeshi mtu.

Kiboko alikuja matangani. Akakaa, akala, akasema, "Pole sana, binti yangu. Ungewahisha majani ningekwambia." Mama Sange akaondoa chakula mbele yake.

Mwaka ukageuka. Mama Sange akajaaliwa mtoto mwingine, mmoja. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya milimani, na yeye hakupata usingizi. Akasema moyoni: huyu simtoi kwa meno.

Akapanda Mtaa wa Juu.

"Kaka Twiga, mto ni mmoja. Tuupime kwa kipimo kimoja."

"Wazo zuri sana! Goti langu."

"Kwa nini lako?"

"Babu yangu alipima kwa goti hili hili."

Akashuka Mtaa wa Kati.

"Kaka Ngiri, mto ni mmoja. Tuupime kwa kipimo kimoja."

"Wazo zuri sana! Goti langu."

"Kwa nini lako?"

"Mimi nakula nimepiga magoti, baba yangu alikula amepiga magoti. Nani ana goti lililokomaa kuliko hili?"

"Na la Twiga?"

"La Twiga! Lile ni goti au nguzo ya umeme?"

Mnaona? Wote wanataka kipimo kimoja, na kila mmoja anataka kiwe chake. Vikao vya namna hiyo nimevipikia chai mimi, mpaka sukari ikaisha.

Mama Sange akaenda kwenye dimbwi la Kiboko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Majani yako wapi?"

"Leo nimekuja na maneno tu, mzee wangu. Huko mitaani wanagombana. Twiga anasema goti ni lake. Ngiri anasema goti ni lake."

Kiboko akaibuka, chubwi! "Na mimi je?"

"Ndivyo nilivyowauliza. 'Na Mzee Kiboko je?' Wakanyamaza."

"Wakanyamaza?"

"Wakanyamaza, mzee."

"Goti ni langu mimi!"

"Sasa ndiyo umesema. Kuanzia leo mto mzima upimwe kwa goti lako. Ila wewe ni mmoja, na mitaa ni mitatu. Ukigeuza mgongo tu, watarudia magoti yao. Tukuchongee miguu ya mti, mitatu, sawa sawa na huu wako, tuisimamishe mtoni kila mtaa. Kila apitaye aione."

"Na waisalimie?"

"Na waisalimie, mzee."

Kiboko akacheka mpaka maji yakatikisika. Mwenyewe akaenda kuangusha miti. Mwenyewe akaiburuta. Akasimama na mguu wake pale tangu asubuhi hadi mchana, Mama Sange akapima na kutafuna alama kwenye kila gogo: kra-kra-kra! Alama ya unyayo, alama ya goti, alama ya paja, alama ya tumbo. Magogo matatu, alama zile zile, mahali pale pale, na chini ya unyayo gogo likaachwa refu, la kuzama ardhini.

Wakaenda kuyasimamisha siku moja, mitaa yote, kabla mto haujapanda wala kushuka. Mama Sange alishikilia hilo: maji ya siku hiyo yaguse alama ya unyayo, siyo juu yake, siyo chini yake. Kiboko akapigilia kwa kichwa: pu! pu! pu!

"Zamisha kidogo, mzee. Mguu wa mkubwa hautikisiki."

Pu! pu! pu!

"Bado unacheza, mzee."

Pu! pu! pu! pu! Akapigilia mpaka macho yakamtoka na alama ya unyayo ikagusa maji.

Twiga akaangalia gogo akasema, "Si goti langu, lakini afadhali si la Ngiri." Ngiri akasema, "Si goti langu, lakini afadhali si la Twiga." Wakakubali. Mama Sange alikwenda kutazama mlango wa shimo lake, akaona uko sawa na alama ya goti. Akalishika hilo kichwani.

Siku ya tisa tangu magogo yasimame, asubuhi, jua limeshawaka, Hondohondo akashuka, vuuu!

"Mama Sange! Kwa Twiga maji yako alama ya paja! Kwa Ngiri yako alama ya paja!"

Safari hii hakuuliza goti la nani. Hakukata hata jani moja. Paja liko juu ya goti, na goti ndio mlango wake. Tu-tu-tu-tu! akapiga ardhi. Tu-tu-tu-tu! Ukoo mzima ukatoka mashimoni, wazee mbele, wachanga midomoni, wakapanda kichuguu kirefu. Mchana maji yakaja, guu-guu-guu, yakaufunika Mtaa wa Chini mpaka alama ya paja. Mama Sange alikuwa juu ya kichuguu, mtoto chini ya kidevu chake. Mtoto alipiga chafya. Mama Sange akalia kwa sauti, mbele ya watu, bila haya.

Kiboko naye alikuwa dimbwini, kinywa wazi, anasubiri majani. Akasubiri, akasubiri. Maji yalipopungua akaja mbio.

"Nani amewatafsiria?"

"Wewe mwenyewe, mzee," Mama Sange akasema. "Mguu wako."

"Goti langu leo limehama! Tazameni!" Akajinyoosha, akajikunja, akasimama kwa vidole. Watu walitazama gogo. Gogo halikujinyoosha wala kujikunja.

Akaona hapana, ang'oe. Akaling'ata: hng! Akavuta: hng! hng! Meno yakalia, gogo kimya. Lilikuwa limepigiliwa na mwenye nguvu kuliko wote mjini, na aliambiwa azamishe, akazamisha. Akabaki amelikumbatia, na kila aliyepita akasema, "Shikamoo, mzee." Wala haikujulikana ni yupi kati ya hao wawili anayesalimiwa.

Ngano yangu imefika nchi kavu.

— Ipumzike!

Aliyelowa?

— Ajikaushe!

Sasa fundisho, maana najua hamtaondoka bila fundisho. Wanangu, mkubwa akileta habari, ipokeeni mlivyoletewa. Akisema gotini, iwe gotini. Mdogo asiulize goti la nani, ni utovu wa adabu. Mama Sange aliuliza, na tazameni kilichompata: mpaka leo ana mtoto wa kulea.