Shukrani Tatu, Jina Moja

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi kusemezana, bali zamani ya karibu ambayo bibi zetu waliiona kwa macho yao, palikuwa na mwanamke kijana aliyeitwa Tusekile. Aliolewa katika kijiji cha Itekele, juu kabisa kwenye milima ya Uporoto, mahali ambapo kipupwe kikiingia umande huganda juu ya majani ya viazi, na ng'ombe hutoa moshi puani kama wavuta kiko.

Mumewe aliitwa Lusajo. Mama mkwe wake aliitwa Bibi Gwantwa. Wifi yake, dada wa Lusajo, aliitwa Anyosisye, na huyo alikuwa na mdomo. Yashikeni majina hayo, maana mtaulizwa.

Bibi Gwantwa alikuwa na beseni. Lilikuwa beseni jeupe la bati, lenye maua mekundu ukingoni, alilopewa na mama yake siku ya kuolewa. Katika nchi ya baridi kama ile, ambako maji ya kijito hukata vidole, maji ya moto ni heshima. Wageni wakija, beseni lilijazwa maji ya moto, likazungushwa. Mzee ananawa kwanza. Kisha wageni. Kisha wenyeji. Kisha watoto. Mke wa nyumba ananawa mwisho. Na maji ni yale yale, hayamwagwi katikati, kwa sababu kumwaga maji aliyotia mkono mgeni ni sawa na kumfukuza mgeni mwenyewe.

"Beseni moja, nyumba moja," Bibi Gwantwa alikuwa akisema.

Mwaka ule Tusekile alikuwa na mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imefika mwezi wake. Viazi vilikuwa shambani na yeye hawezi kuinama. Majirani wakaja kumchimbia, kama ilivyo desturi. Miongoni mwao alikuwamo Mama Sekela, mwanamke mwema asiyekosa kazi ya mtu.

"Mbona umepauka hivyo?" Anyosisye alimwuliza.

"Tumbo la baridi tu. Jana lilinitapisha, leo limetulia. Ningekaa nyumbani mngenisema."

"Kweli tungekusema!" Anyosisye akajibu, na shamba zima likacheka.

Huko Itekele, kutapika na kuharisha wakati wa kipupwe watu walikuita tumbo la baridi. Na dawa ya baridi ni nini? Ni kukaa pamoja. Basi kila ugonjwa ule ulipoingia, watu walifunga madirisha, wakajibana jikoni, wakala sahani moja, wakapasha mikono katika beseni moja.

Kazi ilipokwisha, chakula kikatengwa. Beseni likazunguka. Bibi Gwantwa akanawa. Wachimbaji wakanawa, na Mama Sekela kati yao. Anyosisye akanawa. Watoto wakanawa. Beseni likamfikia Tusekile. Akatazama ndani. Maji yalikuwa ya kijivu, yana utando juu, yamekuwa vuguvugu. Mkono wake ukasita.

Bibi Gwantwa akamwona. Akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko ukali: "Mwanangu, unaona kinyaa mikono ya watu waliokuchimbia viazi?"

Tusekile akatia mikono. Akala.

Haikupita kesho yake, nyumba ile ikageuka. Watoto walitapika. Bibi Gwantwa alitapika. Anyosisye alikimbilia chooni akiwa ameshikilia kanga kwa meno. Hao wote tumbo lile likawapitia haraka kama mvua ya mawe. Lakini kwa Tusekile lilikaa. Kila alichomeza kilirudi. Midomo ikapasuka. Macho yakazama. Kisha akaweka mkono tumboni, akasubiri, akasubiri tena.

"Wifi," alisema, "mtoto hachezi."

Lusajo akakimbia zahanati. Muuguzi, mama mmoja mfupi aliyekuwa hajakaa chini tangu asubuhi, akamsikiliza huku akimfungia pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji.

"Ni baridi," Lusajo alisema.

"Baridi haitapishi mtu. Baridi inawakusanya tu. Kinachowatapisha ni kidudu, nacho husafiri kwa mikono, kwa matapishi na kwa choo. Mlinawa kabla ya kula?"

"Tulinawa vizuri sana! Kwa maji ya moto!"

"Mlinawaje?"

"Kwenye beseni. Wote."

Muuguzi akaacha kufunga. "Hamkunawa, mwanangu. Mligawana."

Akamweleza. Maji yamiminike juu ya mikono, na sabuni. Matapishi yasifagiwe hivi hivi, yamwagiwe dawa ya klorini kwanza. Nguo zichemshwe. Aliyeugua, hata akipona, asiguse chakula cha wenziwe wala asiende kwa wengine mpaka siku mbili zipite, maana tumbo hupona kabla ya mikono. Na mama mjamzito anyweshwe kidogo kidogo bila kuchoka. Akishindwa kabisa, wamlete mbio. Akampa dawa ile ya klorini kwenye chupa.

Lusajo alirudi akayasema yote pale pale mlangoni. Na sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila mmoja alipochukua njia yake.

Anyosisye alichukua kijiko. Siku zake mbili hazikuwa zimepita, lakini kwa mgonjwa mwenziwe hakukuwa na cha kuambukiza; alinawa mpaka viwiko, akaketi kando ya wifi yake. Akampa kijiko kimoja. Tusekile akatapika. Anyosisye akasubiri. Akampa kijiko kimoja. Tusekile akatapika. Anyosisye akasubiri. Akampa kijiko kimoja.

"Niache nilale," Tusekile alinong'ona.

"Utalala ukizeeka. Fungua mdomo."

"Una roho mbaya, wifi."

"Ndiyo, na ina kijiko. Fungua."

Kikombe kikaisha. Kikombe cha pili kikaisha. Anyosisye hakula, hakujinyoosha, aliimba nyimbo za kanisani, zilipokwisha akaimba za pombe. Na katikati ya wimbo mmoja usiofaa kusimuliwa hapa, Tusekile akashtuka, akaushika mkono wa wifi yake, akauweka ubavuni mwake. Mtoto alikuwa amepiga teke. Anyosisye akauanza wimbo ule upya.

Bibi Gwantwa alichukua msumari. Alipokwisha kusikia maneno ya muuguzi kutoka kwa mwanawe, aliinuka. Kisha akalitwaa beseni lake, akalifudikiza juu ya jiwe uani, akachukua nyundo, akalitoboa. Tundu la kwanza. Tundu la pili. Tundu la tatu, katikati ya maua. Watu walisikia mlio ule mpaka ng'ambo ya kijito. Akalitundika kwenye mti wa lango, akaweka sabuni chini yake na ndoo ya maji ya moto pembeni.

Majirani wakaja kumpa mgonjwa pole, makundi kwa makundi, kama ilivyo desturi. Akawazuia pale pale.

"Nawa. Pole yako iseme hapa hapa. Rudi nyumbani, utundike kitu kinachovuja."

"Bibi Gwantwa, leo unatufungia lango?"

"Leo nalifunga. Nililiacha wazi, mkaona lililoingia."

Wakanawa. Nani angebisha? Waliokuwa na madebe wakatoboa madebe. Waliokuwa na vibuyu wakatoboa vibuyu. Na tumbo la baridi, ambalo kila mwaka lilikula kijiji kizima mpaka jua la kiangazi, mwaka ule liliishia njiani.

Mtu wa tatu hakuchukua kitu. Huyo ni Subilaga, mama mzazi wa Tusekile.

Uzazi wa kwanza, kwa desturi yao, mama mzazi huja kumpokea mjukuu kwa mikono yake. Subilaga alitoka kwake na mzigo wa unga wa ulezi, akafika kwa ndugu yake kwenye kilima cha ng'ambo, kinachotazamana na Itekele. Hapo tumbo likamshika. Alitapika, akaharisha, akapona. Nyumba ya mwanawe aliiona kwa macho kutoka pale alipoketi. Lakini mpiga hodi aliyekuja langoni kwa Bibi Gwantwa alileta ujumbe huu: "Mama Subilaga ameugua, amepona, ila haji kwanza. Tusekile asimngoje."

Ujumbe ulimfika Tusekile siku kadhaa baada ya nyumba kupona, akiwa ameanza uchungu.

"Amepona, na haji?" aliuliza.

"Ndivyo alivyosema."

Tusekile akageukia ukuta. Alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na kila mtu alishukuru. Naye alishukuru. Lakini katikati ya shukrani palikuwa na mwiba, maana mikono iliyompokea mwanawe haikuwa ya mama yake. Siku zilipopita na Subilaga akatokea langoni, akanawa chini ya beseni lililotoboka na kumchukua mjukuu, Tusekile alimwamkia kwa adabu zote, akaangalia pembeni.

Ikafika siku ya kumtoa mtoto nje na kumpa jina. Katika ukoo ule mtoto wa kwanza hupewa jina la mtu ambaye nyumba inamshukuru, na huyo huwa somo wake maisha yote. Jina ni moja. Walisema jina la pili ni mzigo juu ya kichwa kidogo. Na mwenye kulitaja ni mama aliyezaa.

Lusajo alijitoa mapema. Alikuwa amefua na kuchemsha kila shuka na kila kanga, wanaume wakapita wakimwita, "Lusajo umeolewa!" naye akiwajibu, "Nimeolewa, na mahari nililipa mwenyewe!" Akasema, "Mimi nimeshapata changu. Mtoto anabeba ukoo wangu."

Anyosisye akasimama. "Mimi nadai, wala sioni haya. Mama alifunga zizi; vyema. Lakini fisi alikuwa ameshaingia, na aliyemtoa kondoo mdomoni mwake ni mimi. Kijiko kwa kijiko. Bila mimi mngekuwa leo mnaweka jina kwenye msalaba."

Bibi Gwantwa akasema akiwa ameketi. "Kosa lilikuwa langu. Tusekile alisita, nami nikamsukuma kwa maneno, na mbele ya watu namwomba radhi. Lakini muuguzi yule amehubiri kunawa kwa maji ya kumiminwa miaka mingi na hakuna kitu kilichotobolewa. Kijiji kilinawa kwa sababu beseni lililotobolewa lilikuwa langu. Anyosisye, umeokoa wawili. Hesabu vyungu vinavyopikiwa leo katika kijiji hiki, vyote vina wenyewe."

"Aliyebomoa ukuta akiujenga, tumwite fundi?" Anyosisye akauliza, na wazee wakakohoa kuficha kicheko.

"Mwite unavyotaka," mama yake akajibu. "Ila ukuta umesimama."

Watu wakamtazama Subilaga. "Na wewe, mama mzaa chema?"

"Mimi niliketi," Subilaga akasema.

"Sema zaidi."

"Hakuna zaidi. Kule nilikolala kulikuwa na mkunga aliyewahi kumwona mtoto mchanga akiharishwa na mikono ya bibi yake mwenyewe. Akaniambia nisubiri. Nikaketi uani. Kila asubuhi nilitazama moshi wa jiko hili. Ukipanda, nilijua mnachemsha maji, mtu yu hai. Siku ya uchungu ulipanda mchana kutwa, nikajua ndiyo siku. Miguu yangu ilitaka kuja. Niliishikilia."

Anyosisye, ambaye hakuwa mbaya ila mdomo, akasema, "Mama Subilaga, kutokuja hata jiwe linaweza."

"Jiwe halina mtoto," Subilaga akajibu.

Watu wakageuza nyuso. Maana kila mtu alimkumbuka Mama Sekela, aliyekaa pale pembeni na kanga imemfunika nusu ya uso. Yeye alitoka kuchimba viazi akaenda, kwa wema ule ule, kupika katika nyumba moja ya juu kijijini, kabla beseni halijatobolewa. Nyumba ile ikaugua yote, na baba yao mzee wakamzika. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwambia asiende. Lakini ni yeye aliyesema sasa, kwa sauti ndogo: "Ningejua kuketi, yule mzee angekuwa hapa anakula nasi."

"Basi unadai, mama?" Lusajo akamwuliza Subilaga.

"Sidai. Nani hudai kwa jambo ambalo halikutokea?"

Tusekile akamtazama mama yake, na safari hii hakuangalia pembeni. Ule mwiba aliutafuta moyoni, akakuta mahali pake pana maji tu, nayo yakamtoka machoni. Akamtazama wifi yake, ambaye midomo yake ilikauka kwa nyimbo siku ile. Akamtazama mama mkwe wake, na nyuma yake langoni beseni lenye maua, linadondoka tone, tone, tone. Alikuwa na shukrani tatu, na jina moja. Akambusu mtoto kwenye paji la uso. Akafungua kinywa.

Hapo ndipo naye aliyenisimulia aliponyamaza, akaagiza chakula. Nami nafanya vivyo hivyo. Ugali umeiva, na maji yanamiminwa kwenu mmoja mmoja. Basi mnaponawa, niambieni: aliyemwokoa kwa kijiko, aliyetoboa fahari yake baada ya kukosea, na aliyempenda mwanawe kiasi cha kutokwenda kwake, je, ni nani aliyestahili jina la mtoto yule?