Mgeni Aliyesindikizwa na Familia Nzima

Hii nimeletewa asubuhi nikiwa nachemsha chai, na chai ikamwagika kwa kucheka. Isomeni polepole, kisha mpelekeeni yeyote mnayemjua aliyenuniana na jirani.

Mchungaji mmoja wa Tukuyu, jina lake Ambokile, alitumwa na kanisa lake kwenda kuhubiri Norwei, kwenye mji mdogo wenye theluji hadi madirishani. Msishangae. Zamani wamisionari walitoka Ulaya kuja kwetu. Siku hizi makanisa ya huko ndiyo yenye viti vitupu. Akaenda na mkewe Tusekile na watoto wao watatu.

Mchungaji alikuwa na kanisa la kushughulika nalo, watoto walikuwa na shule. Tusekile alikuwa na nyumba tu. Kwao Tukuyu mlango wake haukupumzika kwa hodi, lakini huku miezi ilipita bila mtu kugonga. Kila siku alipika chakula cha kumtosha na mgeni, na kila jioni familia ikala sehemu ya mgeni. Watoto wakanenepa, yeye akakonda kwa upweke. Mwishowe akamwambia mumewe waziwazi kwamba Pasaka ikifika na hali ni hii hii, yeye na watoto wanarudi nyumbani, naye abaki na theluji yake.

Jumamosi moja kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Bibi Gudrun, mjane wa nyumba ya mwisho mtaani, kashika keki. Tusekile nusura ambebe. Bibi alikunywa chai, akala wali na maharage sahani mbili, akacheka na watoto. Waliongea vizuri tu, kwa kuwa Tusekile alikuwa ameshajifunza lugha ya pale. Bibi alipoaga, familia nzima ikainuka kuvaa makoti.

Ninyi mnajua kwetu mgeni haachwi mlangoni kama mtu aliyeleta bili ya maji. Anasindikizwa. Bibi Gudrun hakujua hilo. Akawashukuru, akawaambia warudi, njia anaijua. Tusekile akatabasamu, maana hata Tukuyu mgeni mwenye adabu lazima aseme hivyo, na wewe lazima ukatae. Bibi akaongeza mwendo, nao wakaongeza mwendo. Bibi akasimama kutazama nyuma, nao wakasimama, wote watano. Wakaenda hivyo hadi kwake. Akaingia upesi, akafunga, na wakasikia komeo.

Wakarudi. Ambokile akasema labda bibi alikuwa anasikia baridi. Mkewe akamtazama, akatangulia na watoto.

Wiki zikapita, bibi haonekani. Mara moja Tusekile alimwona dukani, bibi akageuka haraka na kujificha upande wa unga na mayai. Siku hiyo Tusekile alilia jikoni, kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo za watoto. Mungu alimpa mgeni mmoja tu, naye akamfukuza kwa kumfuata kama mwizi.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka alishindwa kuvumilia. Potelea mbali, angalau aombe radhi kabla ya kuondoka. Akaenda akagonga. Bibi Gudrun akafungua, mikono imejaa unga, uso umemwiva kwa haya.

“Bibi, nisamehe,” Tusekile akasema. “Kwetu mgeni tunayempenda hatumwachi aende peke yake. Tulikuwa tunakusindikiza.”

“Kwa hiyo hamkutaka kuingia?”

“Kuingia wapi, bibi?”

Bibi Gudrun akacheka hadi akashika ukuta. Aliamini kwamba anayekufuata mpaka mlangoni anangoja umkaribishe. Na siku ile nyumba yake haikuwa imefagiliwa, vyombo havijaoshwa, na keki yake pekee alikuwa ameiacha kwao. Alipoona watu watano nyuma yake, akashikwa na aibu akajifungia. Tangu siku hiyo alikuwa akifagia na kuoka, akiona keki haifai kwa wageni wale, anaoka nyingine, huku akimkwepa Tusekile kwa kudhani amemkosea sana. Mezani kulikuwa na keki zinazotosha harusi.

Tusekile akakimbia kuwaita mumewe na watoto. Walikula mpaka Mchungaji akalegeza mkanda. Walipoaga, Bibi Gudrun akachukua koti lake.

“Nami nawasindikiza,” akasema.

Akawafikisha hadi kwao. Sasa, nani atamwacha mtu mzima arudi peke yake kwenye theluji? Wakageuka, wakamrudisha. Kufika kwake, akakataa kuingia, ni zamu yake. Wakageuka tena. Watoto walikuwa wakicheka hadi wanaanguka, na mapazia yakaanza kufunguka mtaa mzima. Jirani mmoja ambaye hakuwahi kuwasalimia akatoka na tochi, akauliza ni nani aliyepotea wamsaidie kumtafuta.

“Hakuna aliyepotea,” Bibi Gudrun akamjibu. “Tunasindikizana. Vaa koti.”

Jirani akavaa koti. Na Tusekile, ambaye nguo zake zilikuwa tayari ndani ya sanduku, alipofika nyumbani alizitoa zote akazitundika.

Funzo: Kabla hujaamua kwamba jirani yako amekukasirikia, nenda ukabishe hodi. Huenda naye amejifungia ndani, anaoka keki, akidhani uliyekasirika ni wewe.