Ukivikwa Joho, Uliza Mzigo

"Ukivikwa joho, uliza mzigo." Bi Tamasha alilitamka hilo redio ilipotangaza mawaziri wapya, na wajukuu wake wakataka kujua limetoka wapi. Akaweka ungo chini. Methali hii, aliwaambia, ilianza hivi.

Zamani, katika mji wa Kwamlimi, mshauri mkuu wa mfalme aliitwa waziri. Walimu wa chuoni walifundisha kuwa jina hilo lilitoka kwa Waarabu, na kwamba wengi husema asili yake ni kubeba mzigo. Kwa hiyo siku ya kusimikwa, mteule alitwishwa gunia mbele ya watu, akamwuliza mfalme, "Nimebeba nini?" Mfalme hakuruhusiwa kumficha jambo lolote linaloukabili mji. Ndipo joho likafuata.

Mwinjuma, mteule mmoja wa uwaziri, alikuwa mtu mwema, ila alipenda kutazamwa. Joho la nyuzi za dhahabu lilipokunjuliwa, hakungoja gunia. Alilisogelea mwenyewe akaingiza mikono. Mtu mzima ovyo! Vigelegele vikapigwa, swali likasahauliwa, na mfalme akanyamaza kimya.

Mvua zilipokata na mazao yakakauka, ghala la mbegu lilifunguliwa ili watu wapande tena, likakutwa tupu. Mfalme alikuwa ameiteketeza akiba yote kwa harusi ya mwanawe, kabla Mwinjuma hajateuliwa. Watoto wakaanza kufa kwa njaa. Mmoja wao alikuwa Subira, binti pekee wa Mwinjuma. Alimzika asubuhi, na alasiri akaitwa barazani.

"Nani amekula mbegu zetu?" wazee waliuliza.

Mwinjuma akamgeukia mfalme. "Bwana wangu, sema. Wewe unajua."

"Katika mji huu mfalme hakosi," mfalme alijibu bila kumtazama. "Joho unalo wewe."

"Lakini sikuambiwa!"

"Hukuuliza, mwanangu," alisema mzee mmoja huku akilia. "Ungeuliza, tungesikia sote. Tungepanda mihogo mapema."

Mwinjuma alijua mzee amesema kweli. Alivua joho, akafukuzwa mjini jioni ile ile.

Mkewe, Zaituni, hakumfuata. Alibaki ameketi kando ya kaburi la mtoto, hata walipomjia wajumbe wa wazee kumwuliza kama ana ujumbe wowote kwa mume wake.

"Kwake sina," alisema. "Mwambieni atakayekuja baada yake: ukivikwa joho, uliza mzigo."