Mashimo Kumi na Mawili ya Pimbi

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa na nyua na majiko kama sisi, palikuwa na mji mmoja wenye njia moja tu ya kwenda kisimani.

Kila mwaka njia ile ilipungua. Kiboko alisogeza ua wake hatua mbili. Nyati akaongeza jiko. Sasa Tembo, mwenyekiti wa mji, alitaka kuziba kipande kilichobaki amjengee mwanawe aliyetoka kuoa.

Pimbi, mama wa watoto wanne, akaenda barazani kwa mara ya saba. Alikuwa amechoka hata kusalimia.

"Mwenyekiti, ukiziba hapo, wanangu watafuata maji kwa kuzungukia majabali ya Chui."

"Chui hajala mtu mwaka huu," alisema Tembo akitafuna muwa, kachu, kachu.

"Mwaka ujao je?"

"Mwaka ujao tutaona."

"Na watakaozaliwa?"

Kiboko akacheka, ho ho ho. "We Pimbi, hao nao wamekutuma? Waache wazaliwe kwanza."

Pimbi akageuka kwenda zake. Akakumbuka mila ya mji wao.

Mtoto alipozaliwa, kitovu chake kilizikwa shimoni, na juu yake kikachomekwa kijiti. Hapo hapajengwi mpaka mwenyewe akue, aamue. Na yeyote aliyelifukua shimo la mtoto, kwa sababu yoyote, alilifukia mwenyewe na kulilinda mwenyewe, miaka kumi na minane.

Kulipokucha, vijiti kumi na viwili vilisimama njiani, toka nyumba ya mwisho hadi kisimani.

"Nani kazaa kumi na wawili?" aliuliza Tembo. "Pimbi, huu ni uongo wako."

"Huenda," alisema Pimbi. "Mwenye nguvu ni wewe. Tazama."

Tembo akainamisha pembe. Chwa, chwa, chwa. Shimo la kwanza, kokoto. La pili, kokoto. Hakupumzika mpaka la kumi na mbili.

"Mmeona? Hakuna hata kitovu kimoja."

Bi Ngiri, mkunga wa mji na mtunza mila, akasogea polepole. "Pimbi, mashimo haya ni ya nani?"

"Ya wanaokuja. La kwanza ni la mjukuu wa Mwenyekiti. Mkwewe ni mjamzito, na wewe mwenyewe umempima. Mawili yanayofuata ni ya mapacha wanaotarajiwa kwa Kiboko. Niendelee?"

"Hawajazaliwa hao," alisema Kiboko. Hakucheka.

"Ndiyo maana niliweka kokoto. Kitovu kitakuja na mwenyewe."

Bi Ngiri akakuna pua. "Mila inataja shimo aliloandaliwa mtoto. Haisemi mtoto awe amefika. Aliyefukua ni nani?"

Wote wakatazama udongo kwenye pembe za Tembo.

"Nimetegwa," alisema Tembo.

"Umefukua," alisema Bi Ngiri.

Tembo akafukia mashimo yote kumi na mawili. Tangu siku hiyo akawa anaikagua njia asubuhi na jioni. Kiboko alipojaribu kusogeza ua, Tembo ndiye aliyefoka: "Rudi nyuma, hapo pana mjukuu wangu."

Mwezi haukuisha, akamwita Pimbi.

"Dada, kama hapa hapajengwi, hawa kumi na wawili watakaa wapi?"

Pimbi akachukua kijiti, akachora mchangani: nyumba huku, kisima cha pili kule, njia katikati. Tembo akainama kutazama. Akauliza hili, akauliza lile, akaomba njia iongezwe upana.

Swali lile Pimbi alikuwa amelingoja mara saba barazani. Hakuwa na nguvu ya kushangilia. Akabeba mtungi, akashika njia ya kisimani, watoto wake wanne nyuma yake.

Mji usiowapangia nafasi wasiozaliwa huishia kuwafungia njia waliozaliwa.