Siku Bakuli Lilipokaliwa

Mti ukipasuka, kosa ni la nani?

Msitazamane. Nawauliza ninyi mlioketi juu ya vibanzi mlivyochonga wenyewe asubuhi hii, na jibu lenu nalijua kabla hamjafungua midomo. Kila kundi linalopanda huku milimani kujifunza kuchonga mti mbichi na kukata majani kwa mundu hunijibu vilevile: kosa ni la jua. Wengine husema upepo. Mwaka juzi bwana mmoja mwenye shahada zake alinieleza kuwa ni mwezi mpevu, na akasubiri niandike. Maelezo ya darasani ni mepesi tu. Maji hutoka haraka upande mmoja wa mti na polepole upande mwingine, na kitu kinachovutwa huku na huku lazima kiachie mahali. Nimelisoma hilo, nimelifanyia mtihani, sina ugomvi nalo. Ila halinielezi ile sauti. Umekaa zako sebuleni, hakuna aliyeligusa kabati, mara linasema "ta". Sauti hiyo ina habari yake, na mimi nimeipata kwa shangazi yangu, ambaye hakuwa mtu wa kupamba mambo.

Zamani miti ilikuwa ikiulizwa inajibu. Haikuwa na maneno mengi, wala haikuanzisha mazungumzo, lakini swali la maana ilijibu kwa maana, hata baada ya kukatwa. Mwiko jikoni ungeweza kukuambia nani aliuacha kwenye maji usiku kucha. Kwa sababu hiyo watu walikuwa waangalifu kidogo kuliko tulivyo sisi.

Juu ya milima ya Upare, mahali ambapo ukungu hukaa hadi watu wamalize uji, aliishi mama mmoja fundi wa kuchonga, aitwaye Namkunda. Mabakuli yake yalipelekwa bondeni na hata ng'ambo ya mlima. Alikuwa na wanafunzi, na aliwafundisha vizuri, nami nasema hivyo makusudi kwa sababu ya yatakayofuata. Aliwafundisha kuuliza mti kabla ya kuinua shoka. Aliwafundisha kwamba katikati ya kila gogo kuna moyo, kamstari kembamba ambako kila ufa huanzia, na kwamba gogo hupasuliwa nusu mbili kufuata moyo huo, moyo ukachongwa na kutupwa, ndipo bakuli litolewe kwenye nusu iliyobaki. Kisha bakuli bichi hulazwa ndani ya lundo la majani mabichi, likauke taratibu bila kujua kwamba linakauka.

Majani nayo yalikuwa na somo lake. Yalikatwa alfajiri, umande ukiwa bado juu yake, maana jani lenye umande halikimbii makali, na likirundikwa hubaki na ubaridi wake. Jani la adhuhuri ni kama kulaza bakuli juu ya jiko. Mwanafunzi hakupewa tezo yake mwenyewe, kile kishoka cha kuchongea, mpaka ajue kukata majani bila kuacha vishungi kama kichwa cha mtoto aliyemkimbia kinyozi.

Mwanafunzi aliyekaribia kupewa tezo hiyo mwaka ule aliitwa Nakiete. Alikuwa mama wa watoto wawili, mzaliwa wa tambarare huko chini, ambako hakukuwa na mtu hata mmoja aliyejua kuchonga na watu walikula kwenye vibuyu vilivyokatwa. Alipanda mlima kwa kusudi moja: ajifunze, ashuke, awafundishe wa kwao. Tezo ndiyo iliyokuwa idhini. Asiyepewa tezo na fundi wake hakuruhusiwa kuchonga popote, juu wala chini.

Basi mzee wa kijiji, Mrutu, akawa anaoza binti. Wakwe walikuwa wanatoka ng'ambo ya mlima, watu wa kujisikia, na Mrutu naye hakutaka kuonekana mdogo. Akamwendea Namkunda.

"Fundi, nataka bakuli la makande ambalo wakwe wote watalizunguka kwa mara moja."

"Bakuli pana kiasi hicho sijawahi kulichonga, mzee."

"Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine."

Sasa angalieni sifa inavyofanya kazi. Namkunda angesema muda hautoshi, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake akachukua shoka akaenda msituni, akasimama mbele ya mti wa mringaringa uliokuwa karibu, maana mnene zaidi ulikuwa mbali na harusi ilikuwa imekaribia. Akauuliza kama alivyofundisha wengine kuuliza.

Mringaringa ukamjibu, "Nikate, sina neno. Lakini kwa upana unaoutaka mimi ni mwembamba. Ukiutoa moyo wangu, bakuli litakuwa dogo. Usipoutoa, nitapasuka. Kuna ndugu yangu mnene kule bondeni, nenda kwake."

"Nitakupaka mafuta mengi," akasema Namkunda.

"Mafuta hayajawahi kunizuia," ukasema mti, na ukanyamaza, kwa sababu ulikuwa umeulizwa na umejibu.

Namkunda aliukata. Hakulipasua gogo. Alilichonga zima, akifanya kazi peke yake nyuma ya nyumba, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na moyo wa mti ukabaki pale chini ya bakuli kama jicho linalomtazama. Akaufunika kwa nta ya nyuki na masizi, akasugua mafuta juu yake mpaka pakang'aa. Kisha akamwita Nakiete aliyekuwa akinoa mundu, akamwambia akate majani ya kulilaza. Nakiete alikata alfajiri, na umande, safu moja iliyonyooka kuanzia juu ya kilima hadi mtoni. Lilikuwa lundo ambalo fundi yeyote angejivunia kulilalia mwenyewe.

Siku ya harusi bakuli likatolewa, na kwa kweli lilikuwa zuri. Wakwe walilizunguka, wakalisifu kwa ile sauti ya watu wasiotaka kusifu. Makande ya moto yakamiminwa, na mchuzi wake wote. Baba wa bwana harusi, mzee mnene aliyekuwa amevaa shuka jipya, alikuwa ndiyo kwanza ananyoosha mkono bakuli lilipoachia. Ufa ulikimbia kutoka moyoni hadi ukingoni, na mchuzi wote ukaishia mapajani kwake.

Aliruka kwa wepesi ambao hakuna aliyedhani anao. Bibi mmoja wa upande wa bibi harusi akasema, "Angalau tumejua kwamba bado anaweza kucheza ngoma," na baadhi ya watu wakajificha nyuma ya mikono yao. Mrutu hakucheka. Alikuwa ameaibika mbele ya wakwe, akamgeukia fundi wake na kuuliza imekuwaje.

Namkunda alikuwa na nafasi ya kusema neno moja na kuyamaliza. Akasema, "Ni majani. Hayakuwa na umande. Yalikatwa jua likiwa limepanda."

Watu wote wakamtazama Nakiete. Mwanafunzi ambishie fundi wake mbele ya wakwe? Hilo hata leo halifanyiki kirahisi, ninyi wenyewe mnajua mlivyo kimya mnaponiona nimekosea.

Lakini Mrutu hakuwa mjinga. Akainama juu ya bakuli, likiwa bado linafuka mvuke, akaliuliza, "Wewe nani amekufanya hivi?"

Bakuli likaanza kujibu. Lilisema, "Mimi niliulizwa msituni, na nikasema wazi kwamba," na halikufika mbele zaidi ya hapo. Namkunda alikuwa amelidaka, akayamwaga makande yaliyobaki, akaligeuza kifudifudi na kulikalia. Fundi mkubwa, mwenye nguo zake za harusi, juu ya bakuli la moto lenye mafuta. Alikaa kama mtu aliyekuwa amechoka tu na akaona kigoda.

Chini yake bakuli lilijaribu kusema. Sauti iliyotoka ilikuwa moja, fupi, kavu: "ta". Likajaribu tena. "Ta." Hakuna aliyeelewa, au wote walielewa na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Habari ile ilifika msituni kabla wageni hawajamaliza kunawa. Miti ikasikia kwamba mwenzao aliulizwa swali, akaanza kulijibu, akakaliwa. Haikukasirika, si tabia yake, ila iliona hakuna haja. Na tangu siku hiyo mti haujibu mtu. Unaweza kusimama mbele ya mringaringa ukauliza mpaka ukauke wewe. Ukiuchonga vibaya hautakuonya, na ukifika wakati wa kusema ulichoufanyia, hutoa neno lile moja lililobaki, kabatini, mlangoni, kwenye mwiko, kwenye mpini wa jembe. Ta. Ndiyo maana pia fundi siku hizi analazimika kuusoma mti kwa macho na vidole, kazi ambayo zamani ilikuwa ya swali moja. Gharama hiyo tunailipa sote.

Lakini harusi bado ilikuwa inaendelea, na Nakiete bado alikuwa amesimama pale.

Mrutu akatoa hukumu. Mwanafunzi asiyejua kutofautisha umande na jua asipewe tezo, arudi kwao. Nakiete aliipokea hukumu. Alikwenda kuchukua mundu wake, akawachukua watoto wake, mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akarudi kumuaga fundi wake kama inavyopasa. Akapiga goti mbele ya Namkunda, ambaye alikuwa bado amekaa palepale.

"Mama," akasema, "nimekubali kwamba nimekosea, kwa kuwa wewe umesema. Lakini mimi nilikata umande ukiwa umeloanisha miguu yangu hadi magotini. Kama hiyo si saa yake, basi saa yake ni ipi? Niambie, mama. Tezo sina, lakini nikifika chini wataniuliza nimejifunza nini, na sitaki niwafundishe vibaya."

Namkunda akafungua mdomo amjibu. Jibu lilipaswa kuwa rahisi. Angesema adhuhuri. Angesema jioni. Neno lolote lingetosha, na mwanamke yule angelipokea kwa mikono miwili, akashuka nalo mlima, akawafundisha watu ambao hawakuwa wamewahi kushika tezo, nao wangewafundisha watoto wao, na bakuli la kila mtu huko tambarare lingepasuka hadi mwisho wa dunia.

Alijaribu kulisema neno hilo. Watu waliokuwapo walisema waliona midomo ikijipanga. Kumdanganya Mrutu aliweza. Kuwadanganya wakwe aliweza hata bila kupepesa. Ila alikuwa amefundisha maisha yake yote, na hapo mbele yake palikuwa na mwanafunzi aliyeuliza swali la maana akisubiri jibu, na mdomo wake haukujua namna ya kumfundisha mtu kitu kisicho cha kweli.

Chini yake bakuli likasema "ta".

Namkunda akasimama. Nguo yake ya harusi ilikuwa na duara la mafuta nyuma, na kila mtu aliliona, na yeye alijua wanaliona. Akalichukua bakuli, akaligeuza, akakwangua nta na masizi kwa ukucha mpaka jicho la mti likaonekana. Akampa Nakiete alishike. Kisha akachomoa tezo kiunoni mwake, ile yake mwenyewe, akaiweka juu ya bakuli.

"Umande ndiyo saa yake," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wakwe waliokuwa nyuma kabisa. "Majani yako hayakuwa na kasoro, mwanangu. Niliacha moyo ndani. Mti uliniambia, nami nikauacha."