Hori la Ndama na Samaki wa Mtemi

Hadithi hii imenifikia leo asubuhi, nikaisoma mara mbili hata chai ikapoa. Naipitisha kwako. Ukimaliza, mfikishie yeyote anayelea mtoto, awe wake au wa mwenzake.

Katika nchi moja ya bara, penye vilima vya mawe na mashamba ya mtama, alitawala Mtemi Ngasa. Mtemi huyu alikuwa na nyumba kubwa ya kulelea yatima, na nyumba hiyo ilikuwa na mila yake. Mtoto akishaingia, hatoki mpaka awe mtu mzima. Ndugu zake huruhusiwa kumtembelea siku ya soko, kisha jua likipinda huambiwa waende.

Humo walikuwamo mapacha wawili, Kulwa na Doto. Mama yao alipofariki, mdogo wake aliyeitwa Nyamizi alikuwa mbali, amekwenda kuchota chumvi. Aliporudi alikuta watoto wameshachukuliwa. Alilia mbele ya lango, lakini mila ni mila.

Basi mlezi mkuu wa nyumba ile akazeeka, akaomba kupumzika. Mtemi akatangaza kwamba anatafuta mlezi mpya. Nyamizi aliposikia, alifunga kitenge chake vizuri akaenda kujiandikisha. Alijiambia, "Kama wao hawawezi kutoka, basi mimi nitaingia."

Aliwakuta wawili wamemtangulia. Mmoja alikuwa Lubango, tajiri wa ng'ombe, mpenda vitu vizuri. Wa pili alikuwa Bi Holo, mama aliyesifika kwa usafi. Watu walitania kwamba hata kuku wake hunawa miguu kabla ya kuingia ndani.

Mtemi aliwatazama wote watatu, kisha akasema, "Kulea hakuonekani mdomoni."

Akawaonyesha samaki wadogo, wafupi kuliko kidole, madume yao yana mikia yenye rangi kama khanga mpya. "Hawa wanaitwa gapi," alisema. "Hawatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, wanaoogelea tangu siku ya kwanza. Wanakula viluwiluwi vya mbu, nami nataka kuwatia katika visima vyote vya nchi hii. Kila mmoja wenu achukue dume na jike, achague tangi, akalee. Wakati wa kuvuna mtama nitakuja. Nitakayemkuta na watoto wengi kuliko wenzake, huyo ndiye mlezi."

Uani palikuwa na vyombo vya kila namna. Lubango alikimbilia tangi la kioo, refu kama mtu aliyesimama. "Samaki wa Mtemi hawafichwi," alisema. "Hapa kila mgeni atawaona."

Bi Holo alichagua pipa la shaba lililosuguliwa mpaka linang'aa. "Uchafu ukithubutu kuingia humu, nitauona."

Nyamizi alizunguka polepole. Alitia mkono katika kila chombo, akipima kina. Mwishowe alisimama kwenye hori la mbao, pana na la kina kifupi, lililokuwa likitumika kunyweshea ndama.

Lubango alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada Nyamizi, umekuja kulea samaki au ndama?"

"Kaka, mtoto wa samaki huyu ni kama punje ya ulezi," Nyamizi alijibu. "Katika tangi lako, kwenda juu kutafuta chakula ni kupanda mlima. Humu, maji ni mafupi, na hewa inayagusa kila mahali."

Alilibeba hori nyumbani, akalisugua, akalijaza maji, akawatia gapi wake wawili. Hakutia kitu kingine. Alitaka samaki wapate nafasi ya kutosha.

Jike alizaa upesi. Asubuhi moja Nyamizi aliona vitoto vimetapakaa majini, vyembamba kama sindano, vyenye macho meusi. Alipiga kigelegele peke yake, akakimbia kuita jirani. Waliporudi, vitoto vilikuwa vimepungua. Mbele ya macho yao, mama samaki aligeuka, akafungua kinywa, akameza kimoja. Kisha kingine. Jioni hapakubaki hata kimoja.

"Mtupe huyo!" alisema jirani. "Mama gani anayekula wanawe? Huyo mchawi."

Nyamizi alikaa kando ya hori lake, akihisi lango la yatima linafungwa mara ya pili.

Siku ya soko ilipofika, alikwenda kuwaona mapacha, mkononi ana viazi vitamu vya kuchemsha. Ukumbi wa yatima ulikuwa mkubwa na mtupu. Watoto waliketi kwa mistari, wakitazamana na walezi waliosimama ukutani. Hapakuwa na pembe wala pazia.

"Doto hali chakula," Kulwa alinong'ona. "Mama mdogo, Doto hali kabisa. Wanamtazama."

Nyamizi alimpa Doto kiazi. Mtoto alikishika tu, macho chini. Ndipo Nyamizi alipokunjua kitenge chake, akamfunika kama vifaranga wanavyofunikwa na mama yao. Akasubiri. Mara akasikia chini ya kitambaa sauti ya kutafuna. Kisha sauti ndogo ikasema, "Mama mdogo, kuna kingine?"

Nyamizi alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. Alirudi nyumbani karibu akikimbia. Hakumtupa mama samaki. Alikwenda bondeni, akachuma majani laini ya majini, akayajaza upande mmoja wa hori mpaka yakawa kama kichaka. Upande wa pili aliuacha wazi kwa ajili ya wakubwa. Nusu aliiweka kivulini, nusu juani. Maji hakuyabadilisha yote kwa mpigo. Aliyapunguza kidogo, akaongeza kidogo, ili samaki wasishtuke.

Mtama ukakomaa. Mtemi akatoka na watu wake, na mji mzima ukamfuata.

Walianza kwa Lubango. Tangi lake liling'aa juani, na ndani yake walielea gapi wawili wanene. "Watoto wako wapi?" Mtemi aliuliza. Lubango alikuna kichwa. "Walizaliwa, Mtemi. Kila mtu aliwaona. Na wazazi wao pia."

Wakaenda kwa Bi Holo. Maji yake yalikuwa safi kama machozi, lakini hayakuwa na kitoto. "Kila siku nimemwaga yote nikatia mapya," alisema. Kisha akaziba mdomo kwa mkono, maana alitambua papo hapo alichokuwa akikimwaga.

Walipofika kwa Nyamizi, watu waliangua kicheko. Maji yalikuwa ya kijani na majani yamefurika.

"Amepanda mchicha!" mtu mmoja alipaza sauti.

Mtemi aliinama. "Nyamizi, sioni kitu."

"Mtemi wangu, kivuli chako kinawatisha. Rudi nyuma hatua moja, tafadhali. Na ninyi wengine, nyamazeni kidogo."

Watu walishtuka. Nani humwambia Mtemi arudi nyuma? Lakini Mtemi alirudi. Nyamizi alichukua kiini cha yai lililochemshwa, akakisaga kwa vidole, akakinyunyiza juu ya maji.

Jani moja likatikisika. Kikatoka kitoto kimoja. Vikatoka vingine, kisha kundi, kisha makundi, wakubwa kwa wadogo, mpaka maji yote yakachemka kwa mikia ya rangi! Aliyecheka kuhusu mchicha ndiye aliyepiga mbinja ya kwanza.

"Mama yao hakuwala?" Mtemi aliuliza.

"Wa kwanza aliwala, Mtemi. Sikumwadhibu. Nilibadilisha nyumba."

Siku hiyohiyo Nyamizi aliingia lango lile kwa vigelegele, akiwa mlezi mpya, na ndani akawashika Kulwa mkono wa kulia, Doto wa kushoto.

Mvua zilizofuata, visima vilikuwa vimejaa gapi. Mtemi alikwenda kuitazama nyumba ya yatima. Alikuta ua una vichaka, ukumbi una mapazia na pembe za mikeka. Lakini hapakuwa na mtoto hata mmoja.

"Nyamizi! Watoto wangu wako wapi?"

Nyamizi alitabasamu. "Mtemi wangu, rudi nyuma hatua moja."

Mtemi akarudi. Pazia likatikisika. Akachomoza Doto, akicheka kwa sauti, na nyuma yake nyumba nzima ya watoto ikamiminika uani, wakikimbilia miguu ya Mtemi wao.

Funzo: Nyumba ya kulelea huchaguliwa kwa jicho la mdogo atakayeishi humo, si kwa jicho la mgeni atakayeitazama, kwa maana mtoto aliyepewa mahali pa kujificha ndiye hujitokeza bila woga.