Siku Nungunungu Walipong'oa Miiba

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zenu zimelala? Watoto sogeeni mbele. Wakubwa, minong'ono wekeni chini. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Zamani sana, zamani za milima kulala hadi jua likolee, palikuwa na mlima mmoja uliopenda ukungu. Ukungu ulishuka alfajiri, ukatanda, ukatulia. Miti ikaelea. Mawe yakaelea. Hata milio ya ndege ilikuja polepole, kana kwamba imepita kwenye pamba.

Ubavuni mwa mlima ule palikuwa na mwamba wa chumvi. Kila asubuhi wanyama walikwenda kuulamba. Lamba, lamba, lamba. Nyati, ngiri, kima, paa. Na paa wa mlima ule walikuwa wa rangi mbili. Wengine rangi ya asali, wengine weusi kama masizi. Lakini paa ni wale wale. Kwato zile zile, majani yale yale, na wakionja chumvi wote walifumba macho.

Mwaka mmoja chui akaja. Akavizia njia ya mwambani, akala, akashiba, akarudi tena. Wanyama wakakutana, wakasema tutafute walinzi. Wakawachagua nungunungu, maana nungunungu wa zamani zile walijua kurusha miiba kutoka mgongoni. Fyuu, mwiba umekwenda. Wakawapa mashimo mazuri chini ya mwamba. Wakawapa magimbi kila mavuno. Wakawapa na sharti: ukimwona anayekuja, tikisa miiba, chaka-chaka-chaka. Uliza, nani? Ngoja jibu. Akija na kucha, hapo ndipo urushe.

Chui akarushiwa miiba, akahama mlima. Walinzi wakabaki.

Kati yao alikuwamo nungunungu mmoja jike, jina lake Semeni. Alikuwa mpole, si msemaji, anapenda zamu ya alfajiri kwa sababu ya ukungu. Alikaa ndani yake kama aliye ndani ya ndoto ya mwingine. Zamu yake alishika pamoja na Chande, mtoto wa mama yake mdogo. Walikulia shimo moja. Chande alipokuwa mchanga alilala akiwa ameshika sikio la Semeni, na hata alipokuwa mkubwa alimwita Dada.

Siku zikaenda. Semeni akaanza kuona jambo. Paa wa rangi ya asali akipita, walinzi walisema, "Pita, jamaa." Paa mweusi akipita, chaka-chaka-chaka. Nani wewe? Unatoka wapi? Hebu geuka. Mdomoni una nini? Paa weusi wakajifunza kutembea taratibu. Wakawafundisha watoto wao kutaja jina wakiwa bado mbali, kutokimbia hata mvua ikinyesha. Semeni aliliona hilo. Likamkera kidogo, kama jani lililonasa miguuni. Lakini hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Sasa sikilizeni.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Semeni yuko upande huu wa njia, Chande upande ule. Akapita paa wa rangi ya asali, jina lake Faraji, akikimbia, maana alichelewa. Hakusalimu. Hakutaja jina. Chande akasema, "Pita, jamaa," akapita.

Nyuma yake akaja paa mwingine. Huyu alitembea. Tap, tap, tap. Alikuwa Mshamu, kijana mweusi, mtoto pekee wa Sikudhani. Akasimama, akasema, "Asubuhi njema, walinzi. Ni Mshamu."

Fyuu.

Ukungu ukatikisika mara moja, ukatulia. Mshamu akapiga magoti ya mbele taratibu, kama anayetaka kulala. Akalala. Hakuamka.

Semeni akamkimbilia. Mwiba ulikuwa umezama chini ya bega. Akageuka. Chande alikuwa amesimama palepale, miiba inagongana yenyewe.

"Nilidhani chui," Chande akasema.

"Alitaja jina lake, Chande."

"Hukusikia, Dada."

"Nimesikia."

"Dada," akasema tena, polepole sana. "Hukusikia."

Jua lilipotoka, Shebuge alifika. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa walinzi, nungunungu mnene mwenye miiba mirefu iliyoburura chini. Akamtazama Mshamu, akamtazama Chande. Akaanza kuuvuta ule mwiba. Lakini Sikudhani alikuwa ameshafika, na alimlalia mtoto wake, hakuna aliyethubutu kumsogeza. Mwiba akautoa yeye mwenyewe kwa meno yake. Akauweka juu ya jani. Akaimba, na wimbo wake ulikuwa huu. Itikieni nami, taratibu:

*Ukungu, ukungu, umempeleka wapi?*
*Ukungu, ukungu.*
*Nimefuata nyayo zake, zimeishia mwambani.*
*Ukungu, ukungu.*
*Amekwenda kulamba chumvi, mbona chumvi iko machoni mwangu?*
*Ukungu, ukungu.*

Mlima mzima ukausikia. Paa weusi wakashuka, wakasimama njiani, hawali, hawalambi, hawaondoki. Wanyama wakaitisha baraza. Wakasema, kesho yake asubuhi nungunungu wote waje, wageuze migongo. Mwenye pengo jipya ndiye aliyerusha.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya miti, Shebuge akawakusanya walinzi wote shimoni.

"Kila mmoja ang'oe mwiba," akasema. "Mmoja tu, katikati ya mgongo. Kesho wakitazama, watakuta wote tuna pengo. Watafanya nini?"

Wakang'oa. Ng'wak. Ng'wak. Ng'wak. Kila mmoja aliguna, akatema mate, akamsogelea jirani yake amsaidie. Zamu ikamfikia Semeni.

"Wewe binti," Shebuge akasema.

"Nitang'oa nyumbani," Semeni akajibu.

"Vizuri. Ukumbuke magimbi ya watoto wako yanatoka wapi."

Semeni akaenda kwake, akajilaza karibu na watoto wake. Alipeleka meno mgongoni, akaushika mwiba. Akauachia. Akaushika tena. Usingizi ulimchukua akiwa amegeuza shingo hivyo, akaota amesimama njiani na ukungu unampita ndani kwa ndani, na kila paa anayepita anamwambia jina lake, naye hana masikio. Anajipapasa kichwani, anatafuta masikio, hayapo. Alipozinduka, ndege walikuwa wameanza. Mwiba ulikuwa bado mgongoni.

Barazani palijaa. Mwenyekiti alikuwa Nyati, mnyama mkubwa asiyependa kuamua mambo. Alitafuna, akatazama pembeni, akasema, "Walinzi, geukeni."

Wakageuka. Wanyama wakatazama. Pengo, pengo, pengo, pengo. Kila mgongo una pengo, na kila pengo lina damu mbichi.

Kima akacheka kwa uchungu. "Kumbe Mshamu alichomwa na mlima mzima."

Kelele zikaanza. Ngiri akasema, "Tukiwabana sana walinzi, watakata tamaa. Chui akirudi nani atatulinda?"

Paa mweusi mmoja akajibu, "Sisi tunalindwa na nani? Chui alikula mwaka mmoja. Hawa tunawaogopa kila asubuhi."

"Mnakuza mambo," akasema Faraji, yule paa wa rangi ya asali. "Mimi napita pale tangu utoto. Sijawahi kuulizwa hata jina."

"Ndicho tunachokisema, Faraji," paa mweusi akamwambia. Faraji akatazama kwato zake kwa muda mrefu.

Shebuge akasogea mbele, miiba inaburura. "Mkuu wa baraza, aliyerusha hakuwa na nia mbaya. Ukungu ulikuwa mzito. Kiumbe cheusi kimetokea. Mlinzi amedhani ni chui. Hofu ni hofu. Nani hapa hajawahi kuogopa?"

Nyati akatikisa kichwa, kama anayetaka kukubali ili aende zake.

Hapo Sikudhani akasimama. Hakupaza sauti. Lile jani lenye mwiba liko mbele yake.

"Mkuu wa walinzi," akasema, "naomba kuuliza. Chui ana rangi gani?"

Shebuge akakusanya miiba yake.

"Mimi namjua chui," Sikudhani akasema. "Alimla dada yangu nikitazama. Chui ana rangi ya asali, na madoa juu yake. Tangu mmekuwa walinzi, wa rangi ya asali mnamwita jamaa. Mwanangu hakufanana na chui hata ukucha. Sasa niambieni mlimwona nani."

Ukungu ulikuwa bado unakatika vipande vipande kati ya miti.

Semeni alikuwa nyuma kabisa. Alichelewa kwa makusudi, akidhani hataonekana. Akajiona anatembea. Hakumbuki aliamua lini. Miguu ilikwenda, chaka, chaka, chaka, akafika katikati, akageuka, akawapa mgongo wanyama wote.

Mgongo ulikuwa mzima. Hauna pengo.

"Binti, rudi nyuma," Shebuge akanong'ona.

"Mimi ni Semeni, mlinzi wa zamu ya alfajiri," akasema. "Jana tuliambiwa tung'oe miiba ili asijulikane aliyerusha. Mimi sikung'oa. Nilikuwa njiani. Faraji alipita mbio, hakusema neno, akaachwa. Mshamu alikuja akitembea. Alisalimu. Alitaja jina lake. Miiba haikutikiswa, hakuulizwa. Alirushiwa. Na kabla ya siku hiyo niliona mengi, nikanyamaza."

"Nani alirusha?" Nyati akauliza. Safari hii hakutafuna.

Semeni akafumba macho. Alisikia sikio lake likishikwa na kidole kidogo cha zamani. Kabla hajataja, Chande akatoka kati ya nungunungu.

"Ni mimi," akasema. "Nilimsikia."

"Nyamaza wewe," Shebuge akasema.

"Nilimsikia vizuri. Alisema ni Mshamu. Lakini nilikuwa nimeshaamua kabla hajalitaja. Nilipoona weusi tu, nilikuwa nimeshaamua." Akalia. Hakuna aliyemwendea, na hakuna aliyemtukana.

Baraza lile halikuisha upesi. Nyati alitaka kuliahirisha, paa weusi wakakataa kuondoka, na mara hii paa wa rangi ya asali wakakataa pamoja nao, Faraji akiwa wa kwanza. Mwishowe ikaamuliwa. Chande akavuliwa ulinzi, akaondolewa mlimani, akaishi bondeni mbali na mwamba, chini ya macho ya wanyama wa huko, asirushe mwiba tena maisha yake yote. Shebuge naye akaondolewa ukuu, kwa kuwafanya walinzi wote waongo kwa miili yao. Na tangu siku ile mwiba ukirushwa, hauchunguzwi na nungunungu peke yao. Hukaa mbele ya wanyama wote, wakiwamo paa weusi, na aliyeurusha husimama juani akajieleza.

Mnadhani Semeni alibebwa juu juu? Hakubebwa. Nungunungu waliacha kumsalimu. Akipita shimoni, wanamgeuzia migongo yenye mapengo. Magimbi yalipogawiwa, fungu lake lilisahauliwa, akachimba mizizi mwenyewe na watoto wake. Na bonde alilohamishiwa Chande alikuwa akilitazama kila jioni.

Siku moja Sikudhani akaja kwake. Wakasimama mlangoni mwa shimo. Ukungu ulikuwa mwepesi, unapita kama anayetembea kwa ncha za vidole.

"Sikuja kukushukuru," Sikudhani akasema.

"Najua, mama."

"Ungesema mapema, ule msimu ulipoanza kuona, labda mwanangu angekuwapo."

"Najua."

Kisha Sikudhani akauliza, "Asubuhi ile sauti yake ilikuwaje? Alikuwa na hofu?"

Semeni akafikiri sana, maana hakutaka kumdanganya.

"Hapana. Sauti ilikuwa ya aliyeshiba usingizi. Alikuwa kama aliyefika kwao."

Sikudhani akafumba macho. Akakaa hivyo hadi ukungu ukapanda wote, mlima ukabaki wazi, kijani kitupu hadi juu. Kisha akaenda kuwafuata paa wenzake majanini.

Walinzi wa siku hizi wa mlima ule wanamuuliza kila mmoja, nani? Nyati wanamuuliza. Kima wanamuuliza, naye huwajibu kwa matusi kidogo. Paa wa rangi ya asali wanaulizwa, na weusi wanaulizwa, na walinzi husubiri jibu litoke, halafu husema, "Pita, jamaa." Hawafanyi hivyo kila siku bila kosa. Wakikosea, kuna wa kuwashtaki, na kuna pa kusimama kujibu.

Basi wenzangu, hadithi hii inatufunza hivi. Uliyempa silaha akulinde, mwekee na mahali pa kujieleza. Hofu ya mlinzi isigeuzwe kosa la aliyeuawa. Na ukiona mwenzako anaonewa kwa rangi yake, sema siku ile ile unapoona, usingoje hadi mama aimbe.

Hadithi yangu nimeilaza hapo. Mwenye kuipenda aifunike, mwenye uchungu nayo aiamshe.